Plagini inaapdeti vichanganuzi kimyakimya, edita inakufa, halafu tunaambiwa "futa konfigi uanze upya"

Wakuu nimechoka na leo siongei kwa upole. Kuna ile plagini inayoleta vichanganuzi vya sintaksia vya Tree-sitter (vile vinavyosoma muundo wa kodi ili edita iipake rangi) kwenye edita ya kodi, jina sitaji, wanaoitumia washaijua. Ikiapdeti tu, edita inakufa. Sisemi rangi zimepotea au imetoa eroo ukaisoma, INAKUFA, unabaki na Segmentation fault (prosesi imegusa memori isiyoruhusiwa, ikauawa) kwenye terminal na kila ambacho hukusevu kimeenda.

Halafu inavyochagua sasa! Python freshi. Markdown freshi. Ila nikifungua bloku ya kodi ndani ya markdown, nikaandika bash kama lugha yake, nikashuka mstari wa pili kuandika komandi, edita chini. Ukiiwasha tena unafanya kitu kilekile na hakuna kinachotokea, inakuangalia tu kama haikuhusika. Kwa hiyo ukipeleka tiketi wanakujibu "haijirudii kwetu" wanaifunga. Na kuna wale wa kila uzi, futa konfigi, sakinisha upya, mara sijui RAM mbovu. RAM mbovu inayochagua bash peke yake?!

Basi nikafungua core (nakala ya memori inayobaki prosesi ikifa) kwa gdb, ile dibaga, nikapiga bt ione fankisheni zipi zilikuwa zinaendeshwa, fremu ya juu kabisa iko ndani ya bash.so, yaani faili la kichanganuzi cha bash. Hapo ndo nikaanza kuelewa. Hivi vichanganuzi ni kodi ya C iliyokompailiwa, edita inavipakia ndani ya prosesi yake yenyewe, hamna ukuta katikati, kikianguka kimoja kinaondoka na edita nzima. Nikapiga ls -i kwenye lile faili, nikaruhusu apdeti, nikapiga tena: namba ya inode, kitambulisho cha faili kwenye diski, ni ILEILE. Yaani plagini haileti faili jipya, inamwaga kodi mpya juu ya ya zamani, wakati dirisha lingine la edita liko wazi tangu asubuhi na limeshalipakia faili hilohilo kwenye memori. Edita inaruka kwenda kwenye anwani ilipokuwa fankisheni, inakuta vitu vingine kabisa. Lazima ife! Na ukiiwasha upya inapakia faili jipya zima, ndo maana "haijirudii".

Dawa yake ni mstari mmoja jamani. Andika kwenye faili la muda pembeni, ukimaliza ulibadilishe jina likae mahali pa lile la zamani. Prosesi iliyokuwa imeshika la zamani inaendelea nalo mpaka ifungwe, mpya zinachukua jipya. Hii mameneja wa pakeji wanafanya miaka yote.

Tuseme umewasha upya, umepona? Wapi. Edita yangu inakuja na vichanganuzi vyake kwenye folda yake, plagini inaleta vya kwake kwenye folda nyingine, anayepakiwa ni aliyetangulia kwenye njia ya kutafutia. Mafaili ya kweri, yale yanayosema nodi ipi (kipande kipi cha muundo wa kodi) ipakwe rangi gani, nayo yanatoka upande wa plagini, kwa hiyo unajikuta na kichanganuzi cha zamani na kweri mpya, inalalamika nodi fulani haipo, na kila ukibonyeza herufi eroo inajirudia mpaka skrini inajaa. Angalau hiyo haiui. Hata namba ya ABI (toleo la umbo ambalo kichanganuzi na laibrari lazima wakubaliane) nayo ina ustaarabu wake: Tree-sitter 0.25 inakubali 13 mpaka 15, edita iliyojengwa na laibrari ya kabla ya hapo ukiipa kichanganuzi cha 15 inakataa, inakwambia, basi, unaendelea na kazi. Ila namba hiyo inapima umbo la jedwali tu. Haijui kama majina ya nodi yamebadilishwa, na haijui kama kuna mtu anakuandikia juu ya faili ukiwa unatype.

Kwa sasa nimezima apdeti ya otomatiki, nimefunga kila kichanganuzi kwenye komiti yake (toleo moja maalum la Git), na nikitaka kuapdeti nafunga madirisha yote kwanza, nafuta ile folda ya .so nakompaili upya zote. Kazi ya mashine naifanya kwa mkono.

Tiketi nimeifungua tena na bt pamoja na zile namba za inode. Kama na wewe imekuangukia hivi pandisha core yako pale, na ukiwa umekuja kuniambia nihamie edita nyingine, pita tu.