Mjadala: "Shule haitahusika na lolote". Fomu ya safari ya watoto ina nguvu gani?

Mama wa Tabata (mleta mada)

Habari za jioni wapendwa. Binti yangu yuko darasa la tano, shule binafsi, jina nalihifadhi. Juzi karudi na fomu imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hisabati. Ziara ya kimasomo Bagamoyo: magofu ya Kaole, mamba, Caravan Serai, kisha "michezo ya ufukweni". Mchango 45,000, fulana na chakula humo humo.

Nikashuka mpaka namba 4: "Mimi mzazi/mlezi naridhia mwanangu aende, na ninaelewa kwamba shule haitahusika na jambo lolote litakalompata mwanafunzi akiwa safarini." Chini yake sahihi na tarehe. Basi.

Hakuna pa kuandika kwamba mtoto ana pumu, na wangu anayo. Hakuna namba ya simu ya mwalimu atakayekuwa nao. Hakuna linalosema basi ni la nani. Hiyo michezo ya ufukweni ni ipi, kukimbia na magunia mchangani au kuingia majini? Hawakusema. Rangi ya fulana wameitaja: bluu bahari.

Baba yake ananiambia weka sahihi tulale, fomu zote nchi nzima ziko hivyo. Hapo ndipo tunapobishana. Mimi naona karatasi hii haimlindi mtu. Hainilindi mimi, haimlindi mtoto, na nadhani hata shule yenyewe haiilindi. Inawapa tu moyo wa kuamini kwamba maandalizi yamekamilika. Wenye sheria na walimu mlioko humu, nisaidieni. Nawasilisha.

Kaka wa Mbezi

Usipotaka asiende. Enzi zetu tulipakiwa kwenye lori la mchanga tukaenda kucheza UMISHUMTA na tukarudi salama.

Mama wa Tabata

Mliorudi ndio mnaosimulia, kaka.

Wakili wa Mtaani

Dada, mumeo yuko sahihi kwamba fomu zote ziko hivyo. Kuwa hivyo hakuzipi nguvu.

Anza na mtoto. Chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, hiyo ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Haki ya mtoto kudai fidia akiumizwa kwa uzembe ni yake yeye, mzazi huisimamia tu. Wewe unaweza kusamehe deni lako, huwezi kusamehe mguu wa mwanao kabla haujavunjika. Pili, sheria hiyohiyo kifungu cha 23 inabatilisha makubaliano ambayo ndani yake mna madhara kwa mwili au mali ya mtu mwingine, au ambayo mahakama itayaona yanapingana na maslahi ya umma. Shule kujivua wajibu wa kuangalia watoto wa watu, sijui ni hakimu gani utamshawishi kwamba hilo ni jambo jema.

Tena wajibu wenyewe hautoki kwenye fomu. Mtoto akishaingia mikononi mwa mwalimu, mwalimu anasimama mahali pa mzazi, na akizembea akiwa kazini, mwajiri wake hubeba naye. Kwa shule ya serikali kuna hatua ya ziada: huishitaki Serikali bila kutoa notisi ya siku 90. Wengi huanguka hapo, wanakuja ofisini mwaka wa nne wakati madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu.

Ila msisome nusu mkaondoka. Fomu ina kazi yake. Ikieleza safari kinagaubaga, bahari ipo, mlima upo, saa za kurudi ni hizi, na wewe ukaridhia, basi ajali iliyotokea bila uzembe wa mtu hutaigeuza kuwa kesi. Mtoto akijikwaa Kaole kwenye jiwe la karne ya 13 akachubuka goti, pole yake.

Mwalimu wa Pwani

Naomba na sisi tusikilizwe. Nafundisha miaka 16. Kila ziara nikitoka nyumbani alfajiri mke wangu ananiangalia kama naenda vitani. Posho haipo, au ipo ya soda. Watoto 60, walimu watatu, mmoja wao matroni mwenye presha. Likitokea la kutokea, anayekamatwa wa kwanza ni dereva na wa pili ni mimi. Mmiliki anaongea na waandishi wa habari.

Mkizidisha haya maneno ya mahakama, shule zitafanya kilicho rahisi, yaani hakuna safari. Kuna watoto wanazaliwa Karatu, watalii wanawapita kila siku kwenda Ngorongoro, wao wanamaliza darasa la saba hawajaingia getini. Nina mwanafunzi aliishi Kibaha miaka yote na bahari aliiona mara ya kwanza nilipompeleka mimi. Alionja maji akatema, akanigeukia kwa hasira kama mimi ndiye niliyetia chumvi. Hilo halifundishwi ubaoni.

Na kuhusu kuhesabu watoto, kwa ambao hawajawahi: vichwa havihesabiki. Wanasogea kama vifaranga, umefika 40 mmoja kahama upande, unaanza upya. Mimi kila mtoto nampa namba yake asubuhi, ndiyo yake mpaka jioni, na nikipiga filimbi wanajihesabu wenyewe kwa sauti. Mwaka mmoja tulikuwa tunaondoka ufukweni, dereva ameshawasha gari. Ishirini na tano, ishirini na sita... kimya. Nikarudia. Kimya. Nilisikia damu imehama kichwani ikaenda miguuni. Ishirini na saba alikuwa chooni kwenye hoteli ya jirani, kajifungia, kitasa kimegoma. Dakika kumi na moja. Ningehesabu vichwa ningeondoka, maana kulikuwa na mtoto wa mpishi amepanda basi na hesabu ingetimia.

Mama wa Tabata

Mwalimu, hiyo hadithi ya ishirini na saba ina thamani kuliko fomu yote niliyonayo hapa mezani. Shule yako imeiandika popote, au iko kichwani mwako tu? Ukihama je?

Mwalimu wa Pwani

Iko kichwani, dada. Umenikamata.

Nipo Joburg

Mimi ni Mtanzania niko huku Afrika Kusini. Kesi iliyotikisa huku ni ya Januari 2020. Shule moja ya wavulana, Parktown Boys' High, ilipeleka watoto wa darasa la nane wapatao 200 kwenye kambi ya kuwakaribisha, karibu na mji wa Brits. Wakaambiwa waunde vyelezo wavielee kwenye mto Crocodile. Jaketi za kuokolea hazikuwepo. Enock Mpianzi, miaka 13, familia yake ya kutoka Kongo, akasombwa na maji. Hiyo ilikuwa Jumatano. Walikuja kutambua kwamba hayupo walipoita majina asubuhi ya siku ya pili. Mwili ulipatikana Ijumaa.

Soma tena hapo kwenye majina. Wenzake waliona. Ila hakukuwa na orodha ya kumwambia mtu mzima kwamba kitanda kimoja kitakuwa kitupu usiku huo.

Sasa la sheria: huku Sheria ya Shule ya 1996, kifungu cha 60, inasema dola ndiyo inayobeba fidia ya madhara yatokanayo na shughuli yoyote ya shule ya umma. Mzazi hahangaiki kumtafuta nani mwenye pesa kati ya mwalimu na mwenye kambi. Mwalimu naye hafilisiki. Ingefaa kuigwa, ingawa shule binafsi haziguswi na kifungu hicho, na kwenu huko wenye safari nyingi ndio hao.

Nipo Leicester

Uingereza walishamaliza ubishi wa fomu. Tangu 1977 sheria ya mikataba kandamizi inakataza biashara yoyote kutumia karatasi au tangazo kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Iandikwe kwa dhahabu, haisimami.

Lakini kilichobadilisha safari zenyewe ni Machi 1993, ghuba ya Lyme. Vijana wanne wa shule ya Plymouth walikufa kwenye mitumbwi baharini. Baadaye ikajulikana wakufunzi wawili walikuwa wameacha kazi kwenye kituo kilichoendesha safari hiyo mwaka uliotangulia na kuacha barua ya onyo kuhusu usalama. Mkurugenzi alifungwa, na kampuni ikawa ya kwanza nchini kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya michezo ya nje kwa watoto. Mwalimu wa Pwani, safari hazikukoma. Wanangu wawili wameenda, wakarudi wamejaa matope hadi masikioni.

Dereva wa Kosta

Mnaongelea mito na bahari wakati watoto wanakufa barabarani. Mei 6, 2017, Rhotia, Karatu. Wanafunzi 32 wa shule ya msingi Lucky Vincent, walimu wawili na mwenzangu dereva. Darasa la saba wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio na shule nyingine. Mvua, mteremko, gari likaingia korongoni. Walitoka watoto watatu, wakatibiwa Marekani. Mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani mwezi huohuo, na mashtaka yalikuwa ya gari.

Majirani zetu Kenya, Machi 2024, basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta likielekea Mombasa kwa ziara ya masomo liligongana na trela pale Maungu, wakafa wanafunzi 11. Siku mbili kabla, basi la Kapsabet Boys lilipata ajali Baringo, nao walikuwa kwenye ziara ya masomo.

Mimi nakodiwa na shule kila mwisho wa muhula, nawaambia kinavyokuwa. Mwalimu mkuu anapiga simu kampuni tatu, anachukua ya bei ndogo. Gari la viti 29 wanapanda 45 kwa sababu "watoto ni wadogo". Safari ya siku moja Mikumi, kwenda na kurudi, anayeendesha ni mmoja: naamshwa saa tisa usiku niwafikishe getini asubuhi, mchana watoto wakila nasinzia chini ya usukani, jioni nawarudisha Dar na foleni ya Chalinze. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza nimelala saa ngapi. Wananiuliza kama redio inafanya kazi.

Dada mleta mada, omba namba ya gari. Ukiwa nayo unaangalia bima kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, kwa simu yako, na unauliza leseni ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini. Na uulize ni bima ndogo au kubwa, ina abiria wangapi. Shule ikikwambia "basi ni zuri tu", ujue nao hawajui.

Kaka wa Mbezi

Sasa kila mzazi akianza kumhoji dereva, si safari itaondoka saa saba mchana?

Dereva wa Kosta

Bora saa saba, mkuu.

Wakili wa Mtaani

Hilo la abiria 45 ndilo linaloua madai mahakamani, mlishike. Bima ya gari ni lazima kwa Sura ya 169, na fomu ya shule haimhusu mwenye bima hata kidogo. Kinachomhusu ni masharti yake. Gari likizidisha watu, au likibeba abiria wa kukodi bila leseni hiyo, bima anapata mlango wa kubishana, na mzazi anabaki anamfukuzia mmiliki ambaye mali zake ziko kwa jina la shemeji.

Mwalimu wa Pwani

Nimekaa na haya maneno tangu mchana. Nitakachokubali ni hiki: mkuu wangu anaipenda namba 4 kwa sababu haina gharama. Jaketi za kuokolea zina gharama. Dereva wa pili ana gharama. Nikimwomba mwalimu wa nne ananijibu wazazi wameshasaini. Kwa hiyo ile karatasi mnayodhani inanilinda mimi ndiyo inayotumika kuninyima msaada. Sikuwahi kuitazama hivyo.

Ila na nyie wazazi, mchango ukiwa 45,000 mnalalamika, ukiwa 70,000 na madereva wawili ndani yake mtalipa?

Mama wa Tabata

Mwalimu, mimi nitalipa, jirani yangu mwenye watatu hatalipa. Sina jibu la hapo na sitajifanya ninalo.

Nilichofanya ni hiki. Namba 4 nimeikata kwa kalamu, mstari mmoja, nikaweka herufi za jina langu pembeni. Nyuma nimeandika: ana pumu, dawa ya kuvuta iko mfuko wa mbele wa begi, anaijua kuitumia. Kisha maswali matatu: namba ya gari na idadi ya viti, walimu wangapi kwa watoto wangapi, na je wataingia majini. Nikasaini sehemu ya kuridhia. Baba yake kacheka, kasema mtoto atarudishwa na fomu yake.

Leo mwalimu wa darasa kanipigia saa nne. Hakukasirika, alikuwa ananong'ona kama yuko korido. Namba ya gari kanipa: Kosta, viti 29. Watoto waliolipa mpaka jana ni 41. Nikamuuliza hao 12 watakaa wapi, akasema ndiyo maana amenipigia mimi badala ya kuandika, nikiuliza kwa maandishi mkuu atalazimika kujibu. Swali la majini hajalijibu. Kasema atauliza.

Barua nimeshaiandika. Wazazi wa darasa la tano mlioko humu mnaojijua, kesho nitakuwa getini saa moja kasoro, nahitaji sahihi nyingine walau kumi.