Mjadala: Michoro ya mtawa Muqi iliyoko Japani, irudi China au ibaki ilipo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila yakizungumzwa mambo ya vitu vya kale vya China vilivyoko nje, hoja inayotangulia ni kwamba vyote ni vya China na vyote virudi. Nataka tuipime hoja hiyo kwa mtu mmoja tu, maana kwa ujumla kila mtu ana jibu tayari mdomoni.

Mtu mwenyewe ni Muqi, jina la utawa Fachang. Mzaliwa wa Sichuan, mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Chan (ambayo Wajapani wanayaita Zen), aliyeishi Hangzhou karne ya 13, wakati mji huo ukiwa makao makuu ya utawala wa Song ya Kusini. Zana zake wino mweusi na maji, basi. Kazi zake zinazoaminika zaidi ziko Japani. China yamebaki magombo machache, nayo wataalamu wanabishana kama ni mkono wake au ni nakala.

Kwa ambaye hajaziona, aanze na "Kijiji cha Wavuvi Jua Likitua", iliyoko makumbusho ya Nezu, Tokyo. Ni karatasi ya kimo cha sentimita 33 hivi, mapana yanazidi mita kidogo. Sehemu kubwa haikuguswa, au imepitishwa wino uliozimuliwa mpaka unakaribia kupotea. Mialo ya jua inashuka mshazari ikipasua ukungu. Ukitazama vizuri unakuta mialo hiyo haikuchorwa: ni karatasi tupu, wino umepita pembeni. Nyumba zimejificha mitini, mitumbwi ni mikwaruzo tu. "Kengele ya Jioni", iliyoko makumbusho ya Hatakeyama, nayo Tokyo, ndiyo kabisa: paa la hekalu linachungulia juu ya miti, na kengele yenyewe huioni popote.

Msimamo wangu: zibaki. Hazikuporwa. Watawa wa Kijapani walikuwa wakivuka bahari kwenda kusoma China. Mmoja wao, Enni, alisoma kwa Wuzhun Shifan, ambaye ndiye anayetajwa pia kuwa mwalimu wa Muqi, akarudi kwao mwaka 1241 na kuanzisha hekalu la Tofuku-ji, Kyoto. Vitabu, picha na vyombo vilipita njia hiyo, vingine zawadi, vingine biashara. Kuanzia 1976, karibu na Sinan pwani ya Korea, iliopolewa shehena ya meli iliyozama mwaka 1323 ikitoka Ningbo kwenda Japani: vyombo vya kauri zaidi ya 20,000, na vibao vya mizigo vyenye jina la hilohilo hekalu la Tofuku-ji. Hiyo ni biashara, tena ya wazi.

Na kwao nani alimtaka? Mwaka 1365 Xia Wenyan, mwandishi wa Kichina wa habari za wachoraji, aliandika kwamba kazi za Muqi ni za hovyo, hazina kanuni za wakale, hazifai kuburudisha watu waungwana. Karne hiyohiyo, kule Kamakura, Japani, hekalu la Engaku-ji lilikuwa linaziandika kwenye orodha ya mali zake. Sasa aliyekidharau anakidai kwa kipi?

Karibuni. Hoja kwa hoja, matusi pembeni.

Msomaji Tu

Nimezitafuta nikaziangalia. Nusu karatasi nyeupe. Mwanangu wa chekechea hii anaimaliza kabla ya uji. Mnagombania nini hasa?

Brashi Kavu

Msomaji Tu, mpe mwanao karatasi ya kunyonya, wino na maji. Brashi ikitulia kidogo tu, doa. Ukirudia mstari, inaonekana umerudia. Hakuna kufuta. Afanye hivyo mpaka atuonyeshe ukungu unaoisha bila kuacha ukingo, halafu tuongee.

Mtu wa Lindi

Mkuu mleta mada, "hazikuporwa" ni maneno mepesi kutamka. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, je? Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, leo imesimama Berlin. Ukiwauliza, nao watakuambia taratibu zilifuatwa. Mwenye nguvu hakosi karatasi. Mimi nasema zirudi.

Mleta mada

Mtu wa Lindi, kwa Tendaguru tuko pamoja, ila kesi hazifanani. Kule aliyetoa kibali ndiye aliyebeba. Huku Japani haikuwa na askari hata mmoja Hangzhou. Ukitaka mfano wa kwetu, nenda Kunduchi uangalie makaburi ya nguzo yalivyopachikwa mabakuli ya Kichina. Yalikuja kwa biashara, na sijasikia mtu akisema yabanduliwe yarudi kwa mfinyanzi.

China ina dai zito, na linajulikana. Kasri la Yuanmingyuan liliporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Vichwa viwili vya shaba vya kasri hilo, cha panya na cha sungura, familia ya Pinault ya Ufaransa ilivirudisha mwaka 2013. Ukimpanga Muqi foleni moja na hivyo, unamsaidia aliyepora, maana naye atasema "mbona hata vilivyonunuliwa mnavidai?"

Brashi Kavu

Hapo sawa. Lakini kuna kitu umekiruka, sijui kwa makusudi. Hiyo "Kijiji cha Wavuvi" haikuwa picha ya kutundika. Ilikuwa sehemu ya gombo la mandhari nane za Xiaoxiang, yaani nchi ya mito na maziwa kule Hunan. Na gombo lina namna yake ya kutazamwa. Unaliweka mezani, unalifungua kutoka kulia kiasi cha mikono yako, unatazama, unakunja ulikopita, unafungua mbele. Watu wawili watatu tu. Mandhari zinakujia moja baada ya nyingine.

Shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshimitsu, aliyefariki 1408, ndiye anayetajwa kuwa alilikatisha ili kila mandhari itundikwe ukutani, wageni waione kwa mkupuo. Mhuri wake upo kwenye vipande. Sasa kimoja kiko Nezu, kingine Hatakeyama, kingine makumbusho ya taifa ya Kyoto, kingine Idemitsu. Na nane hazitimii.

Halafu tunaambiwa Wajapani ndio waliojua thamani yake! Huo utupu tunaousifu hapa, kiasi gani ni wa Muqi na kiasi gani ni wa mkasi?

Bibi Wino

Swali zuri hilo la mkasi. Mimi nataka kumtetea mtu mwingine: hao wasomi wa Kichina mnaowasukumia lawama. Kwao mchoro ulisomwa kwa mstari wa brashi, kama unavyosoma mwandiko wa mtu. Muqi anasimuliwa kuwa alichora hata kwa makapi ya miwa na vifundo vya majani makavu. Mstari wenyewe hauonekani, kuna doa na ukungu. Kwa mtu aliyefundishwa maisha yake yote kushika brashi, hiyo ilikuwa kama kukataa darasa zima. Unaweza usikubaliane naye, lakini si mjinga.

Tena si wote. Gombo moja linalohusishwa na Muqi, lililoko Beijing, lina maandishi ya sifa ya Shen Zhou, mchoraji mkubwa wa enzi ya Ming. Na hata wangekuwa wote: tabaka moja likidharau kitu karne ya 14, limepata wapi mamlaka ya kukitolea talaka kwa niaba ya watu wote waliofuata? Babu akiuza shamba, sawa limeuzwa. Lakini mjukuu akitaka kulitembelea, usimwambie hana uhusiano nalo.

Mtu wa Lindi

Bibi umenena. Na kutembelea kwenyewe ndiko kugumu. Ile picha yake ya matunda sita ya persimoni, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ni mali ya Ryoko-in, hekalu dogo ndani ya Daitoku-ji, Kyoto. Si mahali pa kuingia na tiketi. Mwishoni mwa 2023 ikapelekwa San Francisco, ikaonyeshwa wiki chache. Kama karatasi ya miaka 750 inaweza kuvuka Pasifiki, Hangzhou ni hapo jirani.

Mleta mada

Kuazima sina neno, naunga mkono kwa mikono miwili. Ningeanza hata na vipande vya Xiaoxiang: vilivyobaki viwekwe chumba kimoja, vilazwe mezani kwa mpangilio wa gombo, visitundikwe. Mkasi wa Yoshimitsu siutetei. Lakini kosa la mwenye mali halimhamishii jirani umiliki. Na hao hao Wajapani, enzi za shogun Tokugawa Yoshimune karne ya 18, walikusanya vipande wakavinakili. Nakala hizo ndizo zinazotuonyesha leo mandhari zilizopotea zilikuwaje.

Kuhusu utupu, Brashi Kavu, jibu langu ni "Kengele ya Jioni". Kata, usikate, ndani ya kipande chenyewe hakuna kitu karibu kote. Mkasi haukuleta hilo.

Msomaji Tu

Mwanangu amejaribu. Ametoa doa moja kubwa, anasema ni kiboko.

Bibi Wino

Mhifadhie hiyo.

Mleta mada, kuazima kunakubalika mpaka mtu aulize kitaisha lini. Mwenye kuazimisha ndiye anayechagua mwaka, wiki na chumba. Huko si kushirikiana, ni kukaribishwa.

Mleta mada

Kweli, ni kukaribishwa. Basi na upande wa "zirudi" utuambie kitu kimoja ambacho mpaka sasa hamjakigusa: zirudi kwa nani? Muqi alikuwa mtawa, na kwenye picha zake tatu za Daitoku-ji, ya Guanyin (mtakatifu wa huruma wa Kibudha), ya korongo na ya nyani, ile ya Guanyin ameisaini kama mtawa wa Shu, yaani Sichuan. Zipewe hekalu huko Hangzhou, zipelekwe Sichuan, ziingie makumbusho ya Beijing, au Taipei, ambako sehemu ya hazina ya wafalme ilihamishiwa mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe? Mwenye jibu aliweke hapa, na aseme kwa nini wale wengine watatu wakose.