Tupeane uzoefu: safari ndefu za gari Ulaya, enzi za mipaka na mihuri

MwanaTanga

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kijana wa leo akipata viza ya Schengen anatoka Lisbon mpaka Vienna bila kusimamishwa mpakani, na euro alizoanza nazo ndizo anazomalizia nazo. Sisi wa kabla ya 1995 tulihesabu mipaka kama abiria wa reli ya kati anavyohesabu stesheni: hapa muhuri, hapa badili pesa, hapa fungua buti. Naomba mliowahi kukatiza bara lile kwa gari miaka hiyo, mkiwa wanafunzi, wauguzi, mabaharia mlioshuka nchi kavu, mtuwekee mliyoyaona kabla hatujayasahau. Naanza mimi.

Nilifika Leipzig, Ujerumani Mashariki, mwaka 1986. Mwaka wa kwanza ni Kijerumani tu, pale Herder Institut, ndipo unaingia kwenye fani yako. Katika fani nilikaa dawati moja na Mjerumani mmoja aliyenizidi miaka mitano hivi, ana mke na binti mdogo. Nyumbani kwao nilikuwa nakula kila Jumapili. Yule binti alikuwa ananiita mjomba, na kwa kweli nilikuwa mjomba wake.

Walikuwa na Trabant waliyoachiwa na baba mkwe. Kwa wasioijua: ni gari dogo, injini ya silinda mbili, nguvu farasi 26, bodi yake si bati bali ni aina ya plastiki ngumu. Watu walisubiri zaidi ya miaka kumi kulipata jipya. Petroli yake inachanganywa na oili kama Vespa za zamani, kwa hiyo likipita unaacha harufu mtaani. Tenki liko mbele, chini ya boneti, na gari letu halikuwa na geji. Unafungua boneti, unafungua kifuniko cha tenki, unatumbukiza kijiti chenye alama, unasoma. Safari nzima kazi hiyo nilipewa mimi. Kila tulipopumzika, rafiki yangu anavuta sigara yake mbali, mimi nazamisha kijiti, nakifuta kwa kitambaa, natangaza: nusu, robo, lita kumi.

Agosti 1989 tukaondoka watu wanne kwenda Hungary, ziwa Balaton. Njia ni Dresden, Praha, Bratislava, Budapest, karibu kilomita 800, halafu bado unashuka mpaka ziwani. Wao hawakuruhusiwa kubadili pesa nyingi, kwa hiyo buti lilijaa makopo ya nyama, viazi na mikate. Mimi pasipoti yangu ya Tanzania ilitaka viza ya kila nchi. Kila mpaka wao walikuwa wanamaliza upesi, mimi naitwa pembeni, na mara zote walinisubiri nje ya gari wamesimama, hata mvua ikinyesha. Jambo hilo sijalisahau.

Tulipiga hema Siófok, upande wa kusini. Balaton upande huo ni kina kifupi ajabu, unatembea na kutembea na maji bado yako kiunoni. Pale kambini ndipo Wajerumani wa Mashariki, wasioruhusiwa kwenda Magharibi kiholela, walipokuwa wanakutana na ndugu zao wa Magharibi wakati wa likizo, hema moja na Trabant, la pili na Opel, na usiku redio zote zinasikilizwa kwa sauti ya chini. Habari zilikuwa moja tu: Hungary imeanza kuondoa seng'enge kwenye mpaka wake na Austria tangu Mei.

Siku ya nne rafiki yangu akaniambia tuingie majini. Tukatembea mpaka watu wa ufukweni wakawa wadogo. Akaangalia nyuma, akasema, "Sisi haturudi." Alinipeleka kule ili asisikike na mtu. Nikamwuliza, mtoto anajua? Akasema mtoto anajua tunakwenda kumtembelea bibi mwingine. Tukasimama mle majini muda mrefu, hakuna aliyesema neno.

Tukaenda Budapest, kwenye kanisa la Zugliget, ambako Shirika la Malta, la misaada la Kikatoliki, lilikuwa limefungua kambi ya wakimbizi katikati ya Agosti. Trabant na Wartburg zimejaa kingo zote mbili za barabara, nyingine milango haijafungwa hata kwa ufunguo. Akaliegesha letu chini ya mti. Mkewe akanipa forinti zilizobaki, akanifungia mkate. Mtoto alikuwa amelala begani kwangu. Walinichukulia pale begani, na huo ndio uliokuwa mwisho.

Nilirudi peke yangu kwa treni. Mpakani kuingia Ujerumani Mashariki askari alipitia mihuri yangu mmoja mmoja, akauliza nilikwenda na nani. Nikasema na marafiki, tumeachana ziwani. Akanitazama sana, kisha akagonga. Nilipofika bwenini nikafungua begi, nikakuta kile kijiti kimeviringishwa kwenye kitambaa changu cha oili. Nilikitia mwenyewe bila kufikiri, kama nilivyozoea.

Tarehe 11 Septemba Hungary ikafungua mpaka. Tuliangalia kwenye televisheni ya Magharibi, chumba kizima kimya, nami natafuta sura tatu kwenye umati.

Karibuni.

NyarKisumu

Asante sana ndugu yetu. Nimeisoma mara mbili. Mimi safari yangu ilikuwa ya furaha, na ni ya zamani zaidi.

Ilikuwa 1975, Mwaka Mtakatifu wa Wakatoliki. Nilikuwa nasomea uuguzi Uingereza. Tulikuwa wanne wodini, mimi na Mkenya mwenzangu kutoka Machakos, na dada wawili wa Ireland. Mmoja wao alikuwa na Ford Cortina ya kakake. Tukaweka likizo zetu pamoja, tukasema tunakwenda Roma kwa barabara.

Kutoka Dover mpaka Calais tulivuka kwa hovercraft. Hicho ni chombo kinachoelea juu ya hewa yake chenyewe, kimevaa sketi kubwa ya mpira chini, magari yanaingia tumboni. Dakika 35 hivi umefika. Dirishani huoni bahari, unaona povu tu, na kelele yake ilinitetemesha meno.

Upande wa pili ndipo kazi ilipoanza. Gari letu usukani uko kulia, na Ufaransa wanaendesha kulia. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele. Yule anayekaa kushoto ndiye anaona, na huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nachungulia, nasema ngoja, ngoja, bado, ngoja, pita sasa! Fikiria, roho nne zinategemea neno lako, na hata leseni huna. Jioni ya kwanza nilishuka shingo imekaza na koo limekauka. Siku ya tatu tulikuwa tumezoeana hivi kwamba nikivuta pumzi tu dereva anajua kuna gari.

Tukipanda kuelekea Chamonix maji ya rejeta yakachemka. Tulisimama kando, tukasubiri lipoe, tukajaza maji ya kijito, ya baridi mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha tukaingia chini ya mlima Mont Blanc. Lile handaki lilifunguliwa 1965 na urefu wake ni kilomita 11.6. Ndani tulianza rozari, na tukatoka Italia kabla hatujaimaliza.

Sasa kitu kimoja kuhusu Italia ya miaka ile. Sarafu zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Ukinunua mkate unarudishiwa chenji ya pipi, au stempu, au zile tokeni za simu zenye mfereji katikati, ambazo watu walizitumia kama pesa kabisa. Mwenzangu wa Machakos alipopewa pipi mbili dukani alicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuuliza, maana kwao dukani mambo yalikuwa yaleyale. Tokeni nne nilirudi nazo, wajukuu wangu wanazichezea mpaka leo.

Roma tulipita Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro tukiwa tumeshikana mikono, na mahujaji wa kila rangi wanasukumana nyuma yetu. Wale dada wa Ireland mmoja alifariki mwaka juzi. Nilipopata habari, kitu cha kwanza kilichonijia si wodi tuliyofanya kazi miaka mitatu. Ni sauti yake akiniuliza, "Sasa?"

Kijana wa Sinza

Shikamooni wazee wangu. Sina uzoefu, ninasoma tu. Mzee MwanaTanga, samahani kama nakuuliza jambo zito, ulikutana nao tena?

Mpemba wa Deira

Assalaam aleikum jamaa.

Sisi tuliokimbilia Ghuba baada ya mwaka 64 tulikuwa na safari yetu nyengine. Miaka ya 70 watu wa huku walikuwa wanakwenda Ujerumani kununua Mercedes zilizotumika na kuzirejesha kwa njia ya nchi kavu. Mwaka 1978 mimi na shemeji yangu tulinunua moja ya dizeli Munich. Miaka ile ukinunua gari ya kutoa nje ya nchi Wajerumani walikuwa wanakupa namba za forodha, kibao chake kama umbo la yai. Kwa namba ile kila askari njiani anajua kuwa wewe ni mpita njia.

Austria ni milima na mahandaki, njia nzuri, imepita kama ndoto. Yugoslavia ndiyo nnayoikumbuka. Ile barabara yao kuu ikiitwa Udugu na Umoja, inatoka Slovenia inapita Zagreb na Belgrade mpaka mpaka wa Ugiriki. Jina kubwa, lakini sehemu nyingi ilikuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Majira ya joto Waturuki waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani wote wanarudi kwao kwa likizo kwa barabara hiyohiyo. Gari imejaa watoto, juu ya paa mafriji, mazulia, baiskeli, imefungwa kamba. Wanaendesha mchana na usiku bila kupumzika ili siku za likizo zisiliwe na safari. Usingizi ukawamaliza wengi.

Baada ya Zagreb tulikuta ajali iliyotokea punde. Gari imelala ubavu shambani, masanduku yamepasuka, na mama mmoja amekaa juu ya godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, amepakata watoto wawili. Hawakuumia. Mumewe alikuwa anakusanya nguo moja moja katika mahindi, anazikunja vizuri, anaziweka katika sanduku lisilofungika. Tukawapa maji na tende tulizokuwa nazo. Lugha hatukuelewana, ila yule bwana aliposikia shemeji anasema Bismillahi akaacha nguo zake akaja kutukumbatia, akalia.

Tangu hapo tukapeana zamu ya saa mbili mbili, na asiyeendesha kazi yake kusoma kasida kwa sauti ili mwenzake asisinzie. Chakula kilikuwa mkate, jibini na mayai, kwani nyama hatukujua kachinja nani.

Bulgaria tulipita bila kulala. Mpaka wa Kapıkule foleni ilituchukua usiku mzima, na Waturuki wakaigonga gari muhuri ndani ya pasipoti ya shemeji, maana yake hatoki nchini bila ya gari hiyo. Nimekumbuka haya kwa ile Trabant iliyoachwa mtini. Tukaingia Edirne alfajiri. Pale pana msikiti wa Selimiye, aliujenga Sinan katika karne ya 16, minara yake minne unaiona toka mbali. Adhana ikapigwa. Shemeji akazima injini katikati ya njia, hakusema kitu, akateremka na viatu mkononi.

Siku ya pili tukavuka daraja la Bosphorus, lilikuwa na miaka mitano tu. Ulaya ikawa nyuma. Iliyobaki ni habari ya Asia, tutaisema siku nyengine inshallah.

MwanaTanga

Mama wa Kisumu, pole kwa mwenzako. Sheikh, hiyo ya yule bwana kukunja nguo mahindini imenikaa.

Kijana wa Sinza, marahaba, wala si zito. Barua yao ilinifikia Novemba, siku chache baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Waliandika kwamba wako upande wa Nürnberg, na mtoto ameanza shule ya chekechea. Mwezi Oktoba nilikuwa barabarani Leipzig na waandamanaji wale zaidi ya elfu sabini, nikimuwaza rafiki yangu, kwamba angengoja majuma machache tu angeandamana mtaani kwao. Lakini nani alijua?

Niliwatembelea 1991, kabla sijarudi nyumbani. Nilikuta gari jingine nje, Opel kuukuu. La zamani hawakulifuata, na hakuna aliyewaambia lilikwenda wapi. Baada ya chakula nikatoa kile kijiti, bado kimo kwenye kitambaa chake. Rafiki yangu alikishika, akatafuta alama kwa kidole, akaniuliza tuliingia Budapest na lita ngapi. Nikamwambia nane. Akasema hata yeye alidhani nane.

Binti alikuwa na miaka sita, na mimi hakunikumbuka vizuri, alikuwa ananiangalia kwa mbali toka mlangoni. Mama yake akampa kile kijiti akione. Akakinusa.

"Ziwani," akasema, akaja kukaa karibu yangu.