Helmeti ya uso mzima, ya kufunguka au ya uso wazi: ipi inafaa kwa safari za kila siku hapa Dodoma?

MwalimuWaNzuguni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, ninakaa Nzuguni na kituo changu cha kazi kiko upande wa Mtumba, kwa hiyo kila siku ya kazi ninapita barabara kuu ya Dar es Salaam asubuhi na jioni kwa pikipiki ya cc 150, katikati ya malori ya Morogoro na mabasi yanayowahi stendi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikivaa ile helmeti nyepesi niliyopewa dukani siku niliyonunua pikipiki, na sikuwahi kuifikiria hata mara moja.

Mwezi uliopita, nikikaribia Ihumwa, mbuzi wawili walikatiza barabara na nilipowakwepa nikaingia kwenye mchanga wa pembeni. Sikuwa nimefika hata kilomita 40 kwa saa. Kifungo cha mkanda kiliachia, helmeti ikatangulia mtaroni, na mimi nikashuka kwa viganja na kidevu. Nimeshonwa nyuzi tano kidevuni, na hadi leo kiganja cha kulia hakishiki chaki sawasawa, kwa hiyo naandika ubaoni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nimetenga shilingi 250,000 na nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni helmeti ya uso mzima yenye alama ya E, ambayo itabakiza fedha kidogo sana. Ya pili ni ya kufunguka, yaani ile ambayo sehemu ya kidevu inanyanyuliwa juu, na inanivutia kwa sababu ninavaa miwani. Ya tatu ni ya uso wazi, ambayo ingeniwezesha kuongeza jaketi la wavu na glavu kwa fedha hiyo hiyo. Wakati mwingine ninampakia mke wangu. Naomba ushauri wa watu wanaoendesha, si wa watu wanaouza.

BodaWaMiyuji

Pole sana mwalimu, na shukuru Mungu kwamba hakukuwa na lori nyuma yako. Mimi niko kijiweni mwaka wa kumi na moja sasa na nitasema ukweli wangu: chukua njia ya tatu. Mchana wa Oktoba pale Majengo, ukiwa umesimama juani unasubiri abiria, helmeti ya uso mzima ni sufuria lenye mfuniko. Jasho linaingia machoni, kioo kinapata ukungu kwa pumzi yako mwenyewe, na abiria akikuelekeza njia humsikii mpaka ugeuze shingo, jambo ambalo nalo ni hatari. Honi ya lori pia unaisikia imechelewa. Ninakubali kwamba kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa hapa unapoanza kubeba vumbi, uso wazi unahitaji miwani ya kukinga, lakini hiyo ni gharama ndogo.

MuuguziWaZamu

Kaka wa Miyuji, nakuheshimu kwa miaka yako barabarani, ila mimi ninakutana na wenzako wakishaletwa kwetu. Ninafanya kazi kitengo cha dharura katika hospitali moja hapa mjini, na kitu ambacho watu hawakitarajii ni kwamba majeruhi wengi wa pikipiki tunaowapokea wakiwa na akili timamu hawawezi kujieleza, kwa kuwa taya limevunjika. Mtu anaandika jina lake kwa kidole kwenye shuka. Baadaye anafungwa meno kwa waya na kuishi kwa uji wa mrija kwa wiki kadhaa, na kama ni dereva wa hesabu, wiki hizo bosi hazihesabu.

Mtafiti Dietmar Otte wa Ujerumani alichunguza mahali ambapo helmeti za watu walioanguka zilikuwa zimegongwa, akakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mapigo yalitua eneo la kidevu na taya. Helmeti ya uso wazi haina chochote hapo. Mwalimu, nyuzi zako tano ziko hapo hapo.

Kuhusu honi, hoja hiyo ni ya zamani na ilishapimwa. Ripoti ya Harry Hurt ya mwaka 1981, iliyotokana na uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 katika eneo la Los Angeles, haikuona kwamba helmeti iliwazuia waendeshaji kusikia sauti muhimu za barabarani wala kuona hatari inayokuja. Kinachoziba masikio zaidi ni upepo wenyewe, ambao kwenye uso wazi unavuma moja kwa moja.

Faida ya helmeti kwa ujumla haina ubishi tena. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns alianza kulisema hilo Uingereza mwaka 1941, alipochunguza vifo vya askari waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki wakati wa vita. Lakini helmeti inakinga ikibaki kichwani tu. Ya mwalimu haikubaki.

Nyongeza moja, kwa sababu naona makosa yake kila mara: mkimkuta mtu ameanguka na bado anapumua vizuri, msimvue helmeti kwa kuivuta. Shingo inaweza kuwa imeumia. Ikiwa hapumui, au njia ya hewa imeziba, ndipo ivuliwe, na iwe kwa watu wawili, mmoja akishikilia kichwa na shingo visicheze wakati mwingine akiitoa taratibu.

FundiKizota

Mwalimu umesema hutaki ushauri wa wauzaji. Mimi natengeneza pikipiki, siuzi helmeti, kwa hiyo nadhani ninaruhusiwa. Kabla ya kuchagua umbo, jifunze kusoma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 3 ni Italia na 11 ni Uingereza. Chini yake kuna namba ndefu. Ikianza na 05 ni toleo la zamani, ikianza na 06 ni toleo jipya. Stika ya E iliyobandikwa nyuma ya gamba, bila lebo kwenye mkanda, mimi siihesabu kuwa kitu, kwa sababu stika inachapishwa popote.

Baada ya namba hiyo tafuta herufi, kwa kuwa ndizo zinazojibu swali lako. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. J maana yake ni ya uso wazi, haina kinga ya chini. NP maana yake kidevu kipo lakini hakikingi. Ni pambo la kuzuia upepo. Helmeti ya kufunguka iliyo nzuri huandikwa P/J, yaani imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Nyingi ninazoziona zikiletwa gereji kwangu, ukifunua lebo unakuta NP, au hakuna lebo kabisa, na kitasa cha kunyanyulia ni cha plastiki tupu. Kwa fedha yako, ya kufunguka iliyo ya kweli utaipata kwa shida, ndiyo maana ningeiondoa kwenye orodha mapema.

Halafu kuna jambo la kukaa kichwani. Helmeti mpya inapaswa kubana mashavu kiasi kwamba ukitafuna unajiuma kidogo. Funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite, kisha mwambie mtu aishike kisogoni na kuivuta kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, iache hapo dukani hata kama ni ya bei kali. Mimi napenda mkanda wa pete mbili za chuma kuliko kile kifungo cha plastiki cha kubofya, ambacho nadhani ndicho kilichokuangusha.

Ndani ya gamba kuna povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Kazi ya povu hilo ni kubonyea ili kichwa kisisimame kwa ghafla, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo ile ya mtaroni isivaliwe tena, mwalimu, hata kama kwa nje ina mkwaruzo mmoja tu, na kwa sababu hiyo hiyo helmeti ya mtumba sinunui. Vijana wa vijiweni wana mazoea mawili yanayoniumiza: wanaitundika kwenye saitimira, ikawa inachimba povu kila siku, na wanaifuta kwa petroli ili ing'ae, wakati petroli inadhoofisha gamba la plastiki. Maji na sabuni yanatosha. Kioo nacho usikifute kikavu kikiwa na vumbi letu hili, kwa sababu utakuwa unakipiga msasa. Kimwagie maji kwanza.

BodaWaMiyuji

Fundi, nimekuelewa kuhusu lebo, na nimefunua yangu sasa hivi nikakuta haina chochote. Lakini nijibu hili: niliwahi kusoma kwamba hizo helmeti za E zinapimwa kwa kuangushwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 27 kwa saa. Mimi nikipeleka abiria Bahi natembea 80. Kuna faida gani?

FundiKizota

Swali zuri. Mwendo wa pikipiki na mwendo ambao kichwa kinagonga ardhi ni vitu viwili. Ukiteleza kwenye lami, kichwa kinashuka kutoka urefu wa mtu aliyekaa, na mwendo wa kushuka huo ni mdogo kuliko wa kipimo, wakati mwendo wa mbele unaisha polepole kwa kuburuzika. Toleo la 06 limeongeza kipimo cha mita 8.2 kwa sekunde, na pia wanagongesha helmeti kwenye bamba la mshazari ili kupima jinsi kichwa kinavyozungushwa. Ila ukigonga ubavu wa lori ukiwa kwenye 80, sitakudanganya, hakuna helmeti iliyotengenezwa kwa hilo. Hata kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10, yaani kwenye paa la ghorofa tatu. Hapo dawa ni mkono wa kulia upunguze mafuta.

MkulimaWaHombolo

Ninakubaliana na muuguzi na fundi juu ya kidevu, ila nina ugomvi na mtu yeyote atakayemwambia mwalimu aweke fedha zote kichwani. Mimi natoka Hombolo na zabibu kwenye makreti, barabara ya vumbi, na nimeanguka mara tatu kwa miaka minane. Kichwa kiligusa chini mara moja tu. Mikono iligusa mara zote tatu, na kifundo cha mguu kililaliwa na pikipiki mara mbili, mara moja nikiwa na kandambili, na sitasimulia.

Jaketi la wavu lenye vikinga vya viwiko na mabega ni kitu kizuri kwa joto letu, lakini linaweza kungoja. Kwenye mnada wa mitumba unapata jaketi la ngozi ya ng'ombe lililochakaa kidogo, zito, lenye zipu inayofanya kazi. Jioni ya Julai utanishukuru mara mbili. Buti za ngozi zinazopita kifundo zinapatikana huko huko. Glavu ndizo usinunue za mtumba, nunua mpya, zenye kipande kigumu kwenye kitako cha kiganja na mkanda wa kufunga kifundo, kwa sababu glavu isiyofungwa inavuka kama ile helmeti yako.

MamaWaIlazo

Mnamzungumzia dereva tu. Mwalimu amesema anampakia mke wake, na mimi kama abiria wa kila siku ninauliza, huyo mama atavaa nini? Helmeti za abiria ninazopewa na bodaboda zimevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, zina harufu, na nyingine mkanda ulishakatika, kwa hiyo unaishikilia kwa mkono kama ndoo. Nilianza kubeba kofia nyembamba ya pamba kwenye pochi na kuivaa ndani. Mtandio mzito na nywele zilizofungwa fundo kubwa vinainua helmeti isikae sawasawa, hivyo ninasuka mistari ya kulala. Na jamani, upande wa ekzosi avae kitu kirefu. Nina kovu la miaka sita kwenye shavu la mguu.

MwalimuWaNzuguni

Nimesoma yote, na jana baada ya kazi nilizunguka maduka manne nikifunua mikanda, hadi muuzaji mmoja akaniuliza kama mimi ni mkaguzi. Za kufunguka zilikuwa tano, zote NP au hazina lebo. Nimechukua ya uso mzima, lebo inaanza na 05 na ina herufi P, yenye mkanda wa pete mbili. Muuzaji aliivuta kisogoni mpaka shingo ikauma na haikutoka. Miwani imenisumbua dakika mbili tu: navaa helmeti kwanza, kisha napenyeza miwani kupitia uwazi wa macho. Fedha iliyobaki imetosha glavu mpya, na Jumamosi nitaenda kutafuta buti. Kaka wa Miyuji, ni kweli ina joto. Nikisimama ninanyanyua kioo.

Swali la Mama wa Ilazo ndilo lililonishinda. Nilimvalisha mke wangu hii yangu nyumbani, akatikisa kichwa, ikageuka yenyewe mpaka akawa anaangalia povu. Kichwa chake ni saizi M, changu ni XL, kwa hiyo hatuwezi kuazimana. Tumekubaliana kwamba mpaka mshahara wa mwezi ujao atapanda daladala, na ameshaniambia kwamba ya kwake lazima iwe nyekundu.