Mjadala: Udhibiti upi ulimbana zaidi msanii wa Urusi, wa Kisovieti au wa leo?

Mleta mada: Wakuu, msimamo wangu ni kwamba wa Kisovieti ulibana zaidi, kwa sababu ulimkaba msanii kabla hajashika brashi. Amri ya Kamati Kuu ya chama tawala cha Kikomunisti ya Aprili 23, 1932 ilivunja vikundi vyote vya wasanii, na tangu hapo ukawa mlango mmoja tu: Chama cha Wasanii. Nje ya mlango huo hupewi karakana, rangi za mafuta na turubai za maana unazipata kwa magendo, na hakuna ukumbi utakaotundika kazi yako. Sheria ya 1961 dhidi ya wasio na ajira rasmi ikamfanya mchoraji wa kujitegemea mhalifu mtarajiwa. Wachoraji Ilya Kabakov na Erik Bulatov waliishi kwa kuchora vitabu vya watoto. Kazi zao za moyoni waliziona marafiki waliopanda ngazi hadi karakanani.

Jibu la kwanza: Mkuu, mfumo huo ulikuwa na ufa, na wasanii waliujua. Uliziba kumbi, ila hakuna kifungu kilichokataza kusimamisha picha kwenye uwanja mtupu. Mchoraji Oskar Rabin na wenzake wakaliandikia barua baraza la jiji la Moscow. Septemba 15, 1974 wakabeba picha zao hadi uwanja mtupu wa Belyayevo, Moscow. Zikaja buldoza, magari ya kumwaga maji, na watu waliodai wamekuja kupanda miti. Picha zilipondwa, na waandishi wa habari wa nje walipigwa pia. Hapo ndipo serikali ilipojikwaa: habari ilizunguka dunia nzima, na wiki mbili baadaye, Septemba 29, ikabidi iruhusu maonyesho ya muda wa saa nne katika bustani ya Izmailovo. Maelfu ya watu walifika. Februari 1975 yakafuata mengine ndani ya banda la ufugaji nyuki, VDNKh, uwanja wa maonyesho wa Moscow.

Leo ufa huo uko wapi? Machi 31, 2022 msanii Sasha Skochilenko alibadilisha vibandiko 5 vya bei katika duka kubwa la St. Petersburg, akaweka maneno ya kupinga vita. Mteja mmoja akatoa taarifa polisi. Novemba 2023 akahukumiwa miaka 7 kwa sheria ya "habari za uongo" kuhusu jeshi, sheria iliyotungwa mwezi uleule wa Machi 2022. Alitoka kwa kubadilishana wafungwa, Agosti 1, 2024. Rangi anauziwa kila mtu sasa. Kinachokugharimu ni kazi ikishaonekana.

Jibu la pili: Ndugu zangu, mmeruka daraja la katikati. Mwaka 2007, katika Jumba la makumbusho la Sakharov, Moscow, mwandaaji wa maonyesho Andrei Yerofeyev alikusanya kazi zilizokataliwa na kumbi za Moscow mwaka 2006. Alizificha nyuma ya ukuta wa bandia wenye matundu, ili aone anayetaka tu. Haikusaidia. Yalifunguliwa mashtaka ya kuchochea chuki, na Julai 2010 yeye akatozwa faini ya rubli 150,000, na aliyekuwa mkurugenzi wa jumba hilo, Yuri Samodurov, 200,000. Angalieni nani aliadhibiwa: si wachoraji, ni waandaaji. Mwandaaji akiogopa, picha haifiki ukutani, na serikali haihitaji kutia saini katazo lolote. Kwangu hapa ndipo kiini cha mada kilipo.

Mleta mada: Hoja ya mwandaaji naikubali kabisa, inanirudisha nyuma hatua kadhaa. Ila msisahau kwamba ufa wa 1974 ulilipiwa. Rabin alivuliwa uraia mwaka 1978 akiwa Ufaransa. Kazi nyingi za kizazi chake ziliokoka kwa sababu Norton Dodge, mchumi wa Marekani, alizinunua na kuzitoa nje ya nchi. Sasa ziko Jumba la makumbusho la Zimmerli, New Jersey, Marekani. Anayetaka kuzichunguza vizuri inabidi avuke bahari.

Jibu la kwanza: Na za leo, nani anazikusanya?