Homoni kuvurugika na uchafu ukeni unaojirudia, vinahusiana?

binti_ngamiani
Jamani habari zenu, naombeni msaada na naomba asinicheke mtu. Nipo Tanga huku Ngamiani, nina miaka 27, siku zangu zinaruka, naweza kukaa miezi mitatu sioni kitu halafu zikija zinatoka wiki mbili mfululizo mpaka naishiwa nguvu, na kidevuni vimeanza kuota vinywele navinyoa kwa siri. Altrasaundi ikaonyesha vifuko vingi kwenye ovari zote mbili, nikaambiwa ni homoni, PCOS, yaani ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari. Sawa. Ila kinachonimaliza ni uchafu wa ukeni, mwepesi wa kijivu, una harufu kama samaki hasa nikimaliza hedhi au nikishalala na mume. Mwaka huu nimetibiwa mara nne, dukani wanasema UTI sugu, nikinywa vidonge unakata, wiki chache tu huyo karudi. Mama mkwe anasema ni chango kaniletea mizizi. Sasa haya mawili ni ugonjwa mmoja au yamenikuta tu pamoja?

mkunga_pwani
Pole sana mdogo wangu, hakuna wa kukucheka hapa. Ukeni mna bakteria wazuri wanaitwa laktobasili, na riziki yao inatoka kwenye estrojeni, maana homoni hiyo ndo inafanya ukuta wa uke uweke akiba ya sukari, glaikojeni, ikivunjwavunjwa wao wanaila na kutoa asidi. Ni uchachu wa aina ileile ya mtindi, pH 3.8 mpaka 4.5 hivi, na wadudu wa harufu hawaupendi. Mtazame mama aliyekoma hedhi, estrojeni ikishuka laktobasili nao wanapungua na uchachu unapotea.

Kwa PCOS si kwamba estrojeni imeisha, hapo wengi wanakosea. Yai halipevuki kila mwezi kwa hiyo homoni ya projesteroni haiji kwa zamu yake, homoni za kiume zinapanda (ndo hizo nywele), na wengi insulini yao, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi vizuri. Tafiti kadhaa zilizolinganisha wenye PCOS na wasio nayo zimekuta laktobasili wachache na wadudu wa harufu kina Gardnerella na Prevotella wengi. Lakini hayo ni mambo kuonekana pamoja, haijathibitishwa kwamba moja linazaa jingine, kwa hiyo asije mtu akakuuzia dawa ya kusafisha kizazi akakwambia homoni zitakaa sawa. Kwako mimi naangalia zaidi hizo wiki mbili za damu, damu pH yake ni 7.4 hivi, uchachu utakaaje hapo?

Na hiyo uliyoeleza inafanana na bakteria vajinosisi, yaani bakteria wazuri wa ukeni wamepungua na wa harufu wamezidi, siyo UTI!! Mkojo ukichanganyika na uchafu wa ukeni seli nyeupe zinaonekana, basi unaandikiwa UTI. Omba wachukue ute kwa kijiti cha pamba, wapime pH na waangalie kwa darubini.

mama_wawili_makorora
Shoga nikuulize, unajiosha ndani? Mi naolewa somo yangu alinifundisha kuingiza kidole kujitawaza mpaka ndani kabisa na sabuni, tena shabu juu ya hapo ili pabane, nikafanya miaka sita na harufu haiishi, na kadri inavyonuka ndo nazidi kuosha. Nesi akaniambia acha vyote, maji tu na nje tu, kumbe nilikuwa nawaosha hao walinzi wenyewe. Nililia jamani, nilijiona mchafu. Baada ya dawa na kuacha shabu nilipata nafuu kubwa. Somo simlaumu, alinipa alichopewa, ila binti yangu hilo simfundishi.

baba_j_raskazone
Samahanini kina dada naingilia, wife ana tatizo hilo hilo la kujirudia. Mume naye anatibiwa?

mkunga_pwani
Umeuliza vizuri kaka. Zamani tulikuwa tunasema mume hahitaji dawa, lakini 2025 Australia wametoa utafiti, wanaume walipotibiwa pamoja na wake zao kwa vidonge na krimu siku 7, kujirudia ndani ya wiki 12 kulikuwa 35%, wale ambao mke katibiwa peke yake 63%. Nendeni wote wawili, mkazungumze na daktari.

binti_ngamiani
Asanteni sana, machozi yananitoka. @mama_wawili ndiyo najiosha ndani, na shabu pia, naacha leo. Ijumaa naenda na mume wangu, nitaomba wachukue ute. Mizizi nimwambieje mama mkwe, nikiikataa ataona namdharau.

mkunga_pwani
Ipokee kwa heshima, mwambie mama nasubiri majibu ya vipimo kwanza. Omba na sukari wakupime. Na kabla ya kidonge chochote pima mimba, wewe unayekaa miezi mitatu huoni siku zako huwezi kuijua kwa kuhesabu.