MREJESHO: Nyumba ya marehemu baba, Mbagala, imeuzwa

Wakuu, habari za jioni. Niliwauliza kama nikarabati kwanza nyumba ya marehemu baba au niiuze ilivyo. Paa lilikuwa linavuja, ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha kidole. Nilifuata ushauri wa wengi: nikabadilisha mabati 9 tu, ukuta sikuugusa, na ufa nikawa namwonyesha mimi mwenyewe kila mteja. Kilichosaidia zaidi ni barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, yaani inayoonyesha nani ameruhusiwa kusimamia mali za marehemu. Mnunuzi aliiomba kabla hata hajaingia ndani!

Kupaka rangi sebuleni ilikuwa hasara, ilibanduka kwa unyevu ndani ya wiki mbili. Nilitaka milioni 45, nimepata 38. Deni la matibabu ya mama limeisha. Asanteni sana, Mungu awabariki.